Usiangalie Bila Mimi

Lerwick, Shetland
Jumatatu, 3 Februari

Wifi yangu Glenda,

Pole tena. Najua neno hili limechakaa, umepewa na mji mzima wa Keighley, na wengine hata jina lako hawalijui sawasawa, lakini mimi sina jingine. Upepo ndio ulioninyima kumzika ndugu yangu. Meli haikutoka, ndege haikuruka, na mimi nikakaa na sanduku langu mlangoni kama mpangaji anayengoja kufukuzwa. Mwishowe niliyatazama mazishi kwenye kompyuta ya jirani, vile wale watu wa maziko walivyoyarusha. Maandishi ya chini hayakuwepo, nawe unajua kwamba bila maandishi mimi ni kama natazama samaki. Niliona midomo ya kasisi ikicheza, nikaona kisogo chako, nikaona jeneza la Trevor likiingia nyuma ya pazia. Basi. Jirani akafunga kompyuta, mimi nikaenda zangu kumenya viazi.

Simu hainifai tena, masikio yangu yamebaki mapambo. Na wewe na ujumbe wa kubonyeza simuni kwa vidole hampatani. Kwa hiyo tuandikiane, kama bibi zetu.

Sitakuuliza unaendeleaje, maana hilo swali nadhani limekuchosha. Nikupe habari za televisheni, kwani huku mwezi wa pili hakuna habari nyingine. Wale mume na mke wanaotafuta nyumba ya shamba bado wanazungushwa. Wameonyeshwa nyumba tatu za maana, moja ina hata mto wake, na wamesema watafikiria. Kila mara wanafikiria. Sijapata kuona mtu akinunua. Kwenye shindano la kushona, yule mwanamume wa Cardiff niliyempenda ameweka zipu juu chini na ametolewa, amelia, na majaji wamelia naye, halafu wamemtoa vilevile.

Na jana nimeangalia sehemu ya tano ya Mfereji wa Skarrow. Inspekta Stagg bado anakula sandwichi ndani ya gari na bado haongei na mama yake. Mpiga kinanda wa kanisa bado ni maiti. Hawajui nani alimsukuma mferejini.

Nakumbuka ubishi wenu. Trevor alishikilia kwamba ni kasisi. Wewe ukasema ni yule mama wa kuvusha watoto barabara, mwenye koti la manjano na kibao chake cha duara. Trevor aliniandikia usiku uleule: "Avril, mke wangu anasema muuaji ni mama wa kuvusha watoto. Wiki ijayo atasema ni bata." Nilicheka peke yangu. Na ile adhabu yenu ya chai nayo naikumbuka, kwamba hadithi ikifika mwisho, aliyekosea anapika, anammiminia mshindi, na mshindi anainywa mpaka chini huku mwenzake ameketi kimya anamtazama. Nilipokuja kwenu mwaka ule Trevor alishinda, na akainywa chai yako polepole mpaka nikataka kumpiga.

Nauliza tu: bado unashikilia kwamba ni mama wa kuvusha watoto?

Wifi yako,
Avril


Keighley
Jumatatu, 10 Februari

Wifi Avril,

Barua imefika. Ahsante.

Niko salama. Nakula. Shabnam wa jirani analeta sambusa na dengu, anazipitisha juu ya ukuta wa uani bila kusema kitu, na kwa hilo namshukuru. Russell anakuja Jumamosi, anafungua friji, anatazama ndani, anafunga. Nadhani anahakikisha kwamba mama yake hajafa njaa. Kisha tunakaa. Anasema, "Uko sawa, Mama?" Nasema niko sawa. Anasema vizuri.

Wala simdanganyi. Sisikii kitu. Watu wananitazama wakingoja nianguke, nami nangoja pamoja nao. Ni kama mdomo ukitoka kwa daktari wa meno. Unaugusa, unajua ni wako, lakini haukujibu.

Televisheni naangalia kama kawaida. Huyo wa Cardiff nilimhurumia. Skarrow ya jana ilikuwa nzuri sana. Inspekta Stagg alipouona ule ufunguo wa kanisa nyumbani kwa mwenye duka la dawa, nilishtuka. Na mvua ile waliipiga picha vizuri. Bado nasema ni mama wa kuvusha watoto.

Sina jingine.

Glenda


Lerwick
Ijumaa, 14 Februari

Wifi yangu,

Jana ipi?

Jumapili ile hakukuwa na Skarrow. Mpira uliingia muda wa nyongeza, kisha penalti, na penalti zenyewe vijana walizipiga kama wanaogopa kuumiza wavu. Ulipokwisha wakasoma taarifa ya habari, na Skarrow ikasogezwa mpaka Jumapili inayokuja. Ufalme mzima umelalamika. Fundi bomba alikuja kwangu Jumanne, alilalamika kabla hajavua viatu. Mwanamke wa posta amelalamika. Mtu mmoja tu ndiye aliyeiona sehemu ya sita, naye anakaa Keighley.

Ule ufunguo umeandikwa kwenye gazeti la ratiba, ukurasa wa Jumapili, na mimi ninalo pia, ingawa meli ikichelewa langu huja limelowa. Mvua umejitungia mwenyewe. Hongera, ni mvua nzuri. Lakini njia ya mwongo ni fupi, wifi, na yako imekatwa na mpira wa miguu, mchezo ambao hata huupendi.

Sikugombezi. Nataka kujua tu. Huangalii? Tangu lini? Na saa tatu ya Jumapili usiku, wakati watu wote wamekaa wanatazama maiti, wewe unafanya nini?

Usiniambie uko salama. Hilo niliambiwa na Trevor pia, kutoka kitandani.

Avril


Keighley
Alhamisi, 20 Februari

Wifi Avril,

Umenikamata.

Siangalii. Nakaa kwenye kiti changu. Chake kiko pale pembeni na mto wake wa mgongo. Televisheni imezimwa. Saa tatu kisanduku cha kurekodi kinawasha kitaa chekundu chenyewe, maana Trevor alikiagiza kabla hajaenda hospitali, na kile kitu kinamtii mpaka leo. Nakitazama kitaa. Kikizimika napanda kulala. Ndiyo Jumapili yangu, kama unataka kujua.

Unaijua sheria ya nyumba yetu. Hakuna kuangalia bila mwenzako. Aliitunga yeye zamani, alipokuwa zamu ya usiku kule karakana ya mabasi. Mimi nikaangalia sehemu moja ya hadithi fulani ya mahakamani peke yangu, moja tu, kisha kesho yake nikakaa naye nikajifanya nashangaa. Alinigundua kwa sababu nilishangaa mapema. Alinuna mpaka Pasaka. Tangu hapo hatujavunja, hata mmoja akiugua mafua tulingoja.

Sehemu mbili za kwanza za Skarrow tuliziona pamoja. Jioni walipomlaza wodini alinishika mkono, akasema, "Skarrow inajirekodi. Usiangalie bila mimi." Nikasema sawa. Halafu hakurudi. Wajane wengine wanaachiwa maneno ya kuchonga kwenye jiwe. Mimi nimeachiwa hilo, na siwezi kulivunja, kwa sababu nikilivunja sina jingine.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Russell sijamwambia. Jioni ya mwisho nilimkuta ameketi kitandani. Toroli la chai lilikuwa limesimama pale. Akashikilia kwamba atanimiminia yeye. Mtu ambaye asubuhi yake hakuweza kushika kijiko. Akalinyanyua lile birika la chuma kwa mikono miwili, nusu ikamwagikia shuka, nesi akamwambia, "Bwana Ackroyd, hiyo ni kazi yangu." Trevor akaendelea kumimina. Akanipa kikombe, akasema, "Kunywa, Glenda. Ni haki yako." Nikadhani ni zile dawa. Nikamshukuru kama unavyomshukuru mtoto, nikakiweka juu ya kikabati, maana nilikuwa nimekwisha kunywa ya mashine kule chini.

Avril, muda wote uliobaki hakunitazama mimi. Alikitazama kikombe. Nilimpa habari za Russell, akaitika, macho yakiwa kwenye kikombe. Nilimwambia Shabnam anamsalimu, akaitika hivyohivyo. Saa ya kutazama wagonjwa ikaisha, wakatutoa. Nikambusu kwenye paji, nikaenda kuwahi basi. Hakufika asubuhi.

Hilo ndilo ninaloliwaza nikikaa pale. Miaka yote ile, na jioni ya mwisho mume wangu alitazama kikombe. Haliniumizi hata. Nalitazama tu.

Kisanduku kinasema kinakaribia kujaa. Sijui kikijaa kinafanya nini.

Glenda


Lerwick
Jumanne, 25 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Nimeisoma barua yako, nikatoka nje bila koti, nikarudi nikaisoma tena. Kuna jambo nataka kukuambia na siwezi. Usiniulize ni nini. Niliapa, nami ni mzee mno kuanza kuvunja viapo.

Lakini nisikilize. Jumapili hii Skarrow inakwisha. Washa. Anza na zile zilizorekodiwa, uzifuate polepole, ufike mwisho. Kama tatizo ni kuangalia bila Trevor, basi mimi nitakaa huku saa ileile na nitakuwa Trevor kwa muda. Damu ni ile moja, pua ni ile moja, na nikitafuna biskuti kelele ni ileile, mume wangu Magnus alikuwa anasema hivyo mpaka anakufa. Nitasema ni kasisi. Nitakudharau. Nitauliza "huyu ni nani tena?" kila dakika, kama yeye. Utaona uko naye.

Nakutania, na najua hutacheka. Lakini washa, Glenda. Huyo mtu hawezi kuja, na kisanduku hakina nafasi ya kumngojea milele. Fika mwisho wa hadithi. Ninakuomba kama ninavyoomba kitu changu mwenyewe.

Ukishafika, niandikie siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo, umenisikia?

Avril


Keighley
Jumatatu, 31 Machi

Avril,

Barua zako zote zimefika, na ile ya Februari, na mbili za Machi, na kadi yenye picha ya farasi mfupi. Sikujibu kwa sababu hakukuwa na la kujibu. Sikuwasha.

Jana ilikuwa sikukuu ya akina mama. Russell alikuja na maua ya manjano na kisanduku kipya cha televisheni. Kile cha zamani alikichomoa nilipokuwa jikoni, akakitia kwenye gari, na kabla hatujala akawa amekwisha kukipeleka jalala la manispaa, maana Jumapili wanafunga mapema. Alifurahi sana. Akasema, "Mama, kile kilikuwa kimejaa mpaka kooni. Hiki hakijai. Skarrow yako imo humu yote, unabonyeza tu inakuja."

Alinionyesha pa kubonyeza. Nikamwambia ahsante, mwanangu. Nikamkatia pai ya kuku, nikamwongezea njegere.

Hajui. Angejuaje? Kwake ni zilezile. Lakini zile zilizokuwa kwenye kile cha zamani Trevor ndiye aliyeziagiza, kwa kidole chake, ili tuzione sote wawili. Hizi za sasa ni za kila mtu.

Alipoondoka nikakaa nikingoja kulia. Nilisema moyoni, sasa ndiyo saa yake. Haikuja. Nikaosha vyombo, nikavikausha, nikavipanga. Labda imekwisha vizuri. Hakuna tena cha kungojea wala cha kuvunja.

Televisheni nimempa Shabnam. Ya kwao mjukuu ameirushia kiatu. Anakuja kuichukua Jumamosi ya wiki ijayo na mwanawe. Mwanzoni alikataa, akasema, "Dada, utakaa na nani jioni?" Nikamwambia nitakaa.

Kwa hiyo usiniandikie tena habari za vipindi. Niandikie hali ya hewa.

Glenda


Lerwick
Ijumaa, 4 Aprili

Glenda,

Hali ya hewa: upepo.

Sasa kaa chini, maana navunja kiapo, na nikishavunja siwezi kukiunga.

Trevor aliangalia. Skarrow yote, mpaka sehemu ya nane. Peke yake, kitandani, bila wewe.

Russell alimwachia kompyuta kibao yake asikie muziki. Kumbe hadithi nzima iliwekwa mtandaoni tangu siku ya kwanza, ni sisi wazee tu tunaongoja Jumapili. Ile Jumatano daktari alimweleza majibu ya vipimo. Trevor akauliza kama atafika Machi. Daktari akamwambia asingependa kumwahidi. Basi akahesabu Jumapili zake, akaona hazimtoshi, na kufa bila kumjua muuaji hakutaka. Akaanza usiku huohuo. Kesho yake jioni akaniandikia, ninao ujumbe wake hapa, nanakili kama ulivyo:

"Avril, nimemaliza Skarrow. Glenda asijue, ataniua kabla ugonjwa haujaniua. Akishaona mwisho ndipo umwambie. Si kabla. Apa."

Nikaapa. Nilidhani utaangalia kama watu wengine, na mwezi wa tatu nitakuandikia na tutacheka. Sikujua kwamba alikuwa amekwisha kukufunga kwa lile neno lake la jioni ya kwanza, wakati bado anadhani atarudi nyumbani. Na alipojua kwamba harudi, angelifungua vipi bila kujitaja kwamba ameangalia? Kwa hiyo kanifunga mimi mdomo, kakufunga wewe macho, kisha kaenda zake. Ndivyo alivyo mdogo wangu huyo. Tangu utotoni anavunja dirisha yeye, halafu mpira ananiachia mimi mkononi.

Basi yule unayemngojea kwa adabu alifika mwisho kitambo, amejilaza, anakula biskuti za wodini. Unatunza sheria ambayo mwenyewe aliivunja. Nakuomba ukasirike. Mimi nilipokuwa mjane sikuweza kufanya kitu mpaka siku nilipogundua kwamba Magnus aliuza mashua bila kuniambia.

Kuna jambo jingine alisema siku ile. Hilo siliandiki, hata ukinipigia magoti. Liko mwisho wa sehemu ya nane na utaliona kwa macho yako. Televisheni mwombe Shabnam angoje.

Avril


Keighley
Jumanne, 8 Aprili

Avril,

Mwongo mkubwa yule.

Sheria aliitunga yeye. Mimi niliangalia sehemu moja, moja tu, nikanuniwa mpaka Pasaka, na kila Krismasi nikasimangwa mbele ya wageni. Yeye zote, amejikunja chini ya blanketi la hospitali, na mimi niko kwenye basi na mvua inanyesha nampelekea soksi. Nilimkuta asubuhi yake macho mekundu. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, "Hukulala, mpenzi." Akasema hakulala. Ndiyo, hakulala.

Nimepiga meza ya jikoni kwa kiganja mpaka Shabnam akagonga ukuta akauliza kama nimeanguka. Nikamwambia sijaanguka, niliolewa vibaya. Amekuja na birika la chai ya maziwa, akanikuta nimevuta mto wa kiti cha Trevor naupiga kama zulia. Akanishikia upande mmoja.

Mkono unauma hadi sasa.

Televisheni nimemwambia angoje. Na wewe sikusemeshi.

Glenda


Keighley
Jumapili, 13 Aprili

Wifi yangu Avril,

Nimefika mwisho. Uliniambia nikuandikie siku hiyohiyo na ndiyo hii nakuandikia.

Nilianza Jumatano na sehemu ya tatu, pale tulipoishia. Niliangalia kwa hasira, na nisikufiche, hasira ilinisaidia kukaa. Kila ikianza nilikigeukia kiti chake nikakiambia, hii uliiona. Na hii uliiona. Sehemu ya sita, ile ya ufunguo, haina mvua hata tone. Sehemu ya saba mama yake Stagg alipompigia simu mwenyewe, nilijua Trevor pale aliguna, kwa sababu kila mama akipiga simu kwenye televisheni yeye huguna. Nikajikuta nimeguna mimi.

Leo ndiyo nimeona ya nane. Unajua ilivyo, lakini niache niseme. Stagg anasimama pale kwenye kivuko cha shule asubuhi, askari wawili nyuma yake, na mama wa kuvusha watoto anamwona, anajua. Hakimbii. Anatoka katikati ya barabara, anainua kibao chake, anasimamisha magari, anavusha watoto wote mpaka yule wa mwisho mwenye mkoba mkubwa. Halafu anamkabidhi Stagg kibao na kunyoosha mikono.

Nilikuwa sahihi. Tangu sehemu ya kwanza, na kila mtu alinicheka. Nikasema kwa sauti, peke yangu ndani ya chumba, "Bata, Trevor?"

Na majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Unajua mazoea. Majina yakipanda ndipo aliyekosea anakwenda jikoni. Mimi nilikuwa nimekaa nikitazama majina, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umenyooka juu ya mkono wa kiti, umefunguka, unangoja kupewa kikombe. Sikuunyoosha mimi. Ulikwenda wenyewe.

Ndipo nilipojua.

Alikuwa ameuona mwisho. Alijua kwamba amekosea na kwamba mimi nimeshinda, na hakuweza kuniambia bila kujitaja. Na alijua hatafika Machi. Kwa hiyo akanilipa palepale, kwa alichokuwa nacho, chai ya toroli, mikono miwili, nusu kwenye shuka. "Kunywa, Glenda. Ni haki yako." Si dawa, Avril. Alikuwa na akili zake zote. Hilo ndilo jambo jingine ulilokataa kuliandika, nadhani. Kwamba nilishinda. Sijui kama alikwambia na habari ya chai.

Aliyekosea anakaa kimya anamtazama mshindi mpaka amalize. Muda wote ule alikuwa ananingoja nikinywe. Mimi nampa habari za Russell na salamu za jirani, na yeye anakitazama kikombe changu kinavyopoa, anangoja nikinyanyue ili anitazame.

Na sikukigusa, wifi. Nilikiacha juu ya kikabati kimejaa, nikaenda kuwahi basi.

Nimelia kuanzia pale mpaka giza likaingia. Ganzi imeondoka yote kwa mara moja na kila mahali panauma, pale nilipopajua na pale nisipopajua. Sikudhani kuna machozi mengi namna hii ndani ya mtu wa umri wangu. Shabnam amegonga ukuta, nimemgongea kumjibu. Televisheni nitambembeleza aniachie, nitamtafutia nyingine.

Kisha nikainuka, nikapika chai. Nikaimimina kwenye kikombe kimoja, nikakigeuza kiti changu kielekee chake, nikakaa. Nilianza tena kulia kabla sijaionja, ikapoa mkononi mwangu.

Nimeinywa mpaka chini.

Wifi yako,
Glenda